Namna ya Kupima Faida na Gharama za Chanjo Mpya ya Mtoto: Mfano wa Chanjo ya Malaria

Mzazi anapofika kliniki na kuambiwa kuwa kuna chanjo mpya, swali la kwanza huwa ni lile lile: je, ni salama? Swali hilo ni la haki, na mhudumu anayelipuuza anakosea. Hata hivyo, likiulizwa peke yake halimfikishi mtu kwenye uamuzi, kwa kuwa hakuna sindano isiyo na athari hata kidogo, na kwa kuwa mtoto asiyechanjwa naye hakai mahali pasipo na hatari. Anakaa na ugonjwa ule ule ambao chanjo ilitengenezwa kuuzuia. Kupima faida na gharama ni kumweka mtoto mmoja kwenye mizani mara mbili, mara ya kwanza akiwa amechanjwa na mara ya pili akiwa hajachanjwa, huku kijiji anachoishi, mbu wanaomuuma na miaka inayohesabiwa vikiwa ni vile vile.

Ninafuata mfano mmoja hadi mwisho, yaani chanjo ya malaria, kwa sababu imeingia katika nchi zetu hivi karibuni, imechunguzwa kwa muda mrefu kuliko chanjo nyingi, na matokeo yake yana mazuri na ya kutia shaka ndani yake. Zipo mbili zinazotumika: ya kwanza inaitwa RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tarehe 6 Oktoba 2021, na ya pili ni R21, iliyopendekezwa Oktoba 2023. Anayeweza kuipima chanjo hii kwa makini ataweza kuipima nyingine yoyote itakayokuja baadaye.

Anza na ugonjwa, kisha uiendee sindano

Kabla ya kusoma chochote kuhusu chanjo, andika unachokijua kuhusu ugonjwa katika eneo lako. Kwa mwaka 2023 malaria ilikadiriwa kuua watu 597,000 duniani, asilimia 95 kati yao wakiwa Afrika, na katika kila vifo vinne vya Afrika takriban vitatu vilikuwa vya watoto walio chini ya miaka 5. Hizo ni namba za bara zima, nazo hazimwambii mzazi wa Nyeri jambo lile lile zinalomwambia mzazi wa Siaya. Ukanda wa Ziwa Victoria, iliko Siaya, una maambukizi mengi mwaka mzima, ilhali nyanda za juu zenye baridi, kama Nyeri, hupata malaria kidogo sana, na mara nyingi ni ile iliyobebwa na msafiri. Ndiyo maana Kenya ilipoanza kutoa RTS,S, tarehe 13 Septemba 2019 huko Homa Bay, iliitoa katika kaunti 8 za magharibi: Homa Bay, Kisumu, Siaya, Migori, Busia, Bungoma, Kakamega na Vihiga. Mtoto wa Nyeri hakunyimwa haki. Mizani yake ilisoma vingine tu, na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani yenyewe yanahusu maeneo yenye maambukizi ya wastani hadi makubwa. Uganda nayo, ilipoanza kutoa R21 Aprili 2025, ilichagua wilaya 105 zenye maambukizi ya kiwango hicho.

Kwa hiyo maswali ya kumwuliza muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii ni haya: watoto wa umri wa mwanangu wanaugua malaria mara ngapi kwa mwaka hapa kwetu? Wangapi hulazwa, na wangapi huongezewa damu? Hospitali yenye damu iko umbali gani usiku? Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa maana malaria kali humpunguzia mtoto damu kwa haraka, na familia iliyo kilomita nyingi kutoka hospitali ina sababu kubwa zaidi ya kutaka ugonjwa usiingie kabisa kuliko familia iliyo jirani na wodi.

Asilimia ya nini, na kwa muda gani?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, wakiwamo waandishi wa habari, na ndiyo sababu nitakaa hapa kwa muda.

Jaribio kubwa la RTS,S lilifanyika kati ya mwaka 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwamo Kilifi, Siaya na Kombewa nchini Kenya, pamoja na Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania. Watoto 15,459 waliandikishwa. Matokeo ya kwanza, yaliyotolewa mwaka 2011, yalisema kuwa kwa watoto waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, chanjo ilipunguza malaria kwa takriban asilimia 56 katika miezi 12 iliyofuata. Matokeo ya mwisho, yaliyotolewa mwaka 2015, yalisema asilimia 36 kwa waliopata dozi nne, wakihesabiwa kwa miaka minne. Chanjo haikuharibika kati ya mwaka 2011 na 2015, wala hakuna aliyedanganya. Kinga ilikuwa kubwa mwanzoni ikapungua kadiri miezi ilivyopita, na kipindi kirefu kiliubeba upungufu huo ndani ya hesabu.

Sasa chukua R21. Jaribio lake lilifanyika Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania kwa watoto 4,800, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kinga ya asilimia 75 katika vituo ambako chanjo ilitolewa kabla ya msimu wa malaria, na asilimia 68 katika vituo ambako ilitolewa kwa umri wa mtoto. Mtu akiweka 75 kando ya 36 atasema R21 ni bora maradufu. Lakini 75 ni ya miezi 12 na 36 ni ya miaka minne. Hilo ni kosa sawa na la kupima mchele kwa debe na unga kwa kibaba, kisha kudai umejua kipi ni kingi. Hakuna jaribio lililozilinganisha chanjo hizi mbili ana kwa ana, na Shirika la Afya Duniani halijasema kuwa moja inaishinda nyingine. Ukiletewa asilimia yoyote, irudishe kwa maswali mawili: ni asilimia ya nini, yaani homa ya malaria, malaria kali, kulazwa au kifo, na ni kwa muda gani tangu dozi ya mwisho?

Asilimia ina udhaifu mwingine, nao ni kwamba haisemi ni watoto wangapi waliokolewa. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu ni wa chanjo ya virusi vya rota, vinavyowaharisha watoto vibaya. Ilijaribiwa Afrika Kusini na Malawi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Afrika Kusini ilizuia kuhara kukali kwa asilimia 77, Malawi kwa asilimia 49 tu. Anayesoma asilimia peke yake atasema chanjo hiyo haiwafai watoto wa Malawi. Hesabu ya watoto inasema kinyume: kwa kila watoto 100 waliochanjwa, kwa mwaka, Malawi ilizuia visa 6.7 vya kuhara kukali, ilhali Afrika Kusini ilizuia 4.2. Kuhara kulikuwa kwingi mno Malawi, hivi kwamba nusu ya kingi ilizidi robo tatu ya kichache.

Geuza kila kitu kiwe kwa watoto 1,000

Kutokana na hayo, kanuni ninayoiona kuwa ya lazima ni hii: kila faida na kila dhara lihesabiwe kwa watoto 1,000 waliochanjwa, kwa muda ule ule, mahali pale pale. Hili ndilo jiwe la mizani. Ukilibadilisha katikati ya kupima, umejidanganya mwenyewe.

Katika jaribio la RTS,S, watoto 1,000 waliopata dozi nne waliepushwa visa 1,774 vya malaria kwa miaka minne. Usishangae kwamba visa vimezidi watoto, maana mtoto mmoja katika maeneo hayo huugua malaria mara nyingi kabla ya kuanza shule. Idadi hiyo ni wastani wa vituo vyote. Kulikuwa na vituo vilivyoepusha mamia machache tu na vingine vilivyoepusha zaidi ya 6,000, kulingana na wingi wa malaria. Kwa hiyo asilimia 36, inayosikika kuwa ndogo, ikiwekwa juu ya ugonjwa unaomrudia mtoto kila mvua inaponyesha, inakuwa wastani wa karibu visa viwili vilivyoepushwa kwa kila mtoto.

Kuhusu vifo, jaribio halikuwa na watoto wa kutosha kutoa jibu, hasa kwa kuwa watoto wa makundi yote mawili walilala kwenye vyandarua na walitibiwa haraka kuliko watoto wa kawaida. Watafiti walitumia vielelezo vya hesabu, na mwaka 2016 wakakadiria kuwa kwa watoto 100,000 waliokamilisha dozi nne katika maeneo ya maambukizi ya wastani hadi makubwa, vifo 484 vingeepushwa kwa miaka 15. Kwa jiwe letu, hao ni watoto 5 kwa kila 1,000. Ni makadirio, na lazima yaitwe makadirio. Kilichokuja baadaye kikawa na uzito zaidi: katika utoaji wa majaribio uliofanywa na wizara za afya za Malawi, Ghana na Kenya kuanzia mwaka 2019, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13, na kulazwa kwa malaria kali kulipungua kwa asilimia 22. Angalia jinsi hesabu hiyo ilivyofanywa. Walihesabiwa watoto wote wa umri huo katika maeneo ya chanjo, wakiwamo ambao hawakuletwa kuchanjwa, wakalinganishwa na watoto wa maeneo ambayo chanjo ilikuwa haijafika. Punguzo hilo ni la jamii nzima yenye wazazi wanaosahau tarehe na mito inayofurika.

Upande wa pili wa mizani

Madhara nayo yapimwe kwa jiwe lile lile, na yapimwe bila woga. Baada ya R21, karibu nusu ya watoto kwenye jaribio walipata homa, na takriban mmoja kati ya watano alikuwa na maumivu mahali pa sindano. Kwa RTS,S, dhara lililothibitishwa na linaloogopesha zaidi ni degedege linaloletwa na homa ndani ya siku saba: baada ya dozi ya nne, lilitokea mara 2.5 kwa kila dozi 1,000 kwa watoto wakubwa wa jaribio, yaani wale wa miezi 5 hadi 17. Degedege hutisha mno, na mama aliyewahi kumshika mtoto anayetetemeka mikononi hatakubali kuambiwa kuwa ni jambo dogo. Ila mizani inataka tuliweke mahali pake: degedege la homa kwa kawaida huisha bila kuacha ulemavu, na malaria yenyewe huleta degedege, tena la hatari zaidi.

Kisha kuna jambo ambalo wapinzani wa chanjo hulitaja na ambalo watetezi wengine hulificha. Naona wote wawili wanakosea. Katika jaribio, miongoni mwa watoto wa miezi 5 hadi 17, visa 21 vya homa ya uti wa mgongo vilitokea kwa waliochanjwa, na kimoja tu kwa wasiochanjwa. Kabla ya kuhukumu, tafuta kwanza kila kundi lilikuwa na watoto wangapi. Theluthi mbili ya watoto wa umri huo walikuwa wamepewa RTS,S, kwa hiyo kundi lao lilikuwa kubwa maradufu, na kwa haki ilitarajiwa liwe na visa maradufu hata kama chanjo haina kosa. Ukigawanya, unapata takriban visa 3.5 kwa kila watoto 1,000 waliochanjwa, na 0.3 kwa kila 1,000 wa kundi jingine. Tofauti imepungua kwa nusu hivi, lakini bado ipo na bado ni kubwa. Zaidi ya hapo, malaria ya ubongo nayo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na vifo vya wasichana vilikuwa vingi katika makundi yaliyochanjwa kuliko katika kundi la ulinganisho.

Je, chanjo ndiyo iliyosababisha? Kulikuwa na sababu za kushuku kuwa ni bahati nasibu: visa vya homa ya uti wa mgongo havikufuatana na siku za dozi, na tofauti hiyo haikuonekana kwa watoto wachanga wa jaribio lile lile. Lakini kushuku hakutoshi pale maisha ya watoto yanapohusika. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani halikupendekeza chanjo itolewe kote. Lilitaka itolewe kwanza kwa majaribio katika nchi chache, huku homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo na vifo vya wasichana vikifuatiliwa mahsusi. Kufikia Oktoba 2021 zaidi ya watoto 800,000 walikuwa wamechanjwa, na hakuna hata moja kati ya hofu hizo tatu iliyoonekana tena. Kwangu, huo ndio mfano wa jinsi dalili ya hatari inavyopaswa kushughulikiwa: inatajwa hadharani, inatafutwa kwa makusudi, na inaondolewa kwenye mizani baada ya kutafutwa na kukosekana, si kabla ya hapo.

Shaka nyingine ilitoka Kilifi, ambako watoto 447 wa jaribio la awali walifuatiliwa kwa miaka saba baada ya dozi tatu. Kinga ilikuwa takriban asilimia 36 mwaka wa kwanza, ikashuka hadi asilimia 2.5 mwaka wa nne, na kwa miaka yote saba wastani ukawa asilimia 4.4. Katika maeneo yenye mbu wengi, watoto waliochanjwa waliugua zaidi ya wenzao katika mwaka wa tano. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mtoto asiyechanjwa hujenga kinga yake kwa kuugua mapema, akiwa bado yu hai kuijenga, na aliyechanjwa huchelewa kuijenga. Ufuatiliaji wa baadaye wa watoto wa Korogwe, Kombewa na Nanoro (Burkina Faso) haukuona malaria kali ikirudi kwa wingi kwa waliochanjwa. Hata hivyo mzazi ajue kwamba chanjo hii hununua kinga ya miaka michache, ile ambayo malaria huua zaidi, na haifuti ugonjwa. Chandarua kisitolewe kitandani.

Jiwe moja, nchi mbili

Ningependa kueleza kwa nini uamuzi wa nchi nyingine haupaswi kunakiliwa bila kupimwa upya. Agosti 1998 Marekani iliidhinisha chanjo ya rota iliyoitwa RotaShield. Julai 1999 matumizi yake yalisimamishwa, na Oktoba mwaka huo ikaondolewa sokoni, baada ya kugundulika kuwa ilisababisha utumbo wa mtoto kujikunja na kujiingiza ndani yake wenyewe, takriban kisa 1 kwa kila watoto 10,000. Wakati huo virusi vya rota viliua watoto kati ya 20 na 60 kwa mwaka nchini Marekani, ambako huzaliwa watoto wapatao milioni nne. Kuwachanja wote kungeleta visa vya utumbo takriban 400 kwa mwaka ili kuepusha vifo visivyofika 60. Kwa nchi yenye maji salama na hospitali karibu, ni rahisi kuelewa kwa nini waliiacha.

Duniani, hata hivyo, rota ilikuwa ikiua takriban watoto nusu milioni kwa mwaka, karibu wote katika nchi maskini. Kwao mizani ingeweza kuelekea upande wa pili kabisa, ingawa uaminifu unadai tuongeze kuwa utumbo uliojikunja huhitaji matibabu ya haraka, pengine upasuaji, na kijijini upasuaji uko mbali. Kwa hiyo dhara lenyewe nalo lingekuwa zito zaidi kuliko Marekani. Hesabu hiyo haikupata kufanyika kwa vitendo, kwa kuwa chanjo iliyokataliwa huko haikuletwa huku. Chanjo mbili za rota zilizofuata huko Marekani zilijaribiwa kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000 kabla ya kuidhinishwa huko. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya rota mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014, na uchunguzi wa nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, uliochapishwa mwaka 2018, haukuona ongezeko la tatizo lile la utumbo.

Gharama zisizoandikwa kwenye chupa

Mzazi hailipii chanjo ya malaria kituoni, lakini bure ya kituoni si bure ya nyumbani. Kenya ilianza na ratiba ya miezi 6, 7, 9 na 24. Mwezi wa 6 mtoto huenda kliniki kwa matone ya vitamini A, na mwezi wa 9 huenda kwa chanjo ya surua, kwa hiyo safari hizo mbili zingekuwepo hata bila chanjo mpya. Safari ya mwezi wa 7 na ile ya mwezi wa 24 ndizo za kuhesabu. Chukua nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, ongeza kipato unachokosa siku hiyo, zidisha mara mbili. Tuseme nauli ni shilingi 200 na kibarua ni shilingi 500: gharama yako ni shilingi 1,400. Kando yake andika gharama ya malaria mara moja: nauli, dawa za duka zinazonunuliwa kabla ya kwenda hospitali, siku tatu au nne za kukaa na mgonjwa, na kulazwa ikibidi. Weka namba zako mwenyewe. Katika maeneo yenye malaria nyingi sijaona namna ambayo safari mbili zinaweza kushinda visa viwili vya ugonjwa, na hapo bado hatujaweka uchungu wenyewe kwenye hesabu.

Safari ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa sababu mtoto wa miaka miwili anakimbia uani na mama hana tena mazoea ya kliniki. Hesabu ya jaribio inaonyesha thamani yake. Dozi tatu ziliepusha visa 1,363 kwa watoto 1,000, na dozi nne visa 1,774. Tofauti ni 411, yaani kwa kila watoto watano wanaorudishwa kwa dozi ya nne, visa viwili vya malaria vinaepushwa. Kwa malaria kali tofauti ni kubwa zaidi: kwa kipindi chote cha jaribio, waliopata dozi nne walipata kinga ya takriban asilimia 32, na walioishia tatu hawakuonyesha kinga yoyote ya maana.

Kwa upande wa serikali, RTS,S ilianza kuuzwa kwa Euro 9.30 kwa dozi, na R21 kwa kati ya dola 2 na 4. Mtoto anahitaji dozi nne, kwa hiyo tofauti hiyo ikizidishwa kwa watoto wa kaunti nzima ni fedha nyingi, ambazo zingeweza kununua vyandarua, vipimo au mishahara ya wauguzi. Msaada wa Gavi, shirika la kimataifa linalozisaidia nchi maskini kupata chanjo, hubeba sehemu kubwa, lakini friji, usafiri na muda wa muuguzi hubaki kwa nchi. RTS,S huja kama unga wa kuchanganywa kwenye chupa ya dozi mbili, nayo ikishachanganywa haiwezi kukaa zaidi ya saa sita. Zahanati iliyopata mtoto mmoja tu siku hiyo hutupa dozi nyingine. Anayeketi kwenye kamati ya afya ya kijiji au ya kaunti aulize kuhusu upotevu huo, na aulize pia kama chanjo mpya imewavuta watu waache vyandarua au chanjo nyingine. Katika majaribio ya nchi tatu hilo halikutokea, na chanjo iliwafikia hata watoto wengi wasiolala kwenye chandarua.

Nani aliyeshika mizani

Jaribio la kuidhinisha chanjo kwa kawaida hugharamiwa au kuendeshwa kwa ushirikiano na mtengenezaji. Hilo si ushahidi wa udanganyifu, ila ni sababu ya kutafuta kipimo cha pili kilichoshikwa na mkono mwingine. RTS,S ilitengenezwa na kampuni ya dawa ya GSK; R21 ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na Serum Institute of India. Kwa RTS,S kipimo cha pili kipo: utoaji wa majaribio ulifanywa na wizara za afya na kuchunguzwa na watafiti wa nchi zenyewe, na kwa Kenya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ilikuwa miongoni mwao. Uliza pia kundi la ulinganisho lilipewa nini. Katika jaribio la RTS,S watoto wakubwa wa kundi hilo walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ili wazazi na wauguzi wasijue nani amepata ipi, na ili kila mtoto aondoke na faida fulani.

Sauti ya simulizi iliyosambazwa kwenye simu, inayosema mtoto fulani alichanjwa Jumatatu akafa Ijumaa, isipuuzwe wala isipewe uzito wa jaribio. Watoto hufa kwa sababu nyingi katika wiki yoyote ile, na baadhi yao lazima watakuwa wamechanjwa wiki hiyo. Swali linalofaa ni kama wanaokufa wiki baada ya chanjo ni wengi kuliko wanaokufa wiki nyingine yoyote. Kifo cha namna hiyo kitolewe taarifa kwenye kituo cha afya siku ile ile, kwa sababu bila taarifa hakuna atakayeweza kuhesabu.

Siku yenyewe ya kliniki

Ukiwa umeamua kuchanja, mweleze muuguzi kabla ya sindano ikiwa mtoto ana homa kali siku hiyo, aliwahi kupata degedege, au alipata athari kubwa kwa dozi iliyotangulia. Uliza ni chanjo ipi kati ya hizo mbili, na ahakikishe imeandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto pamoja na tarehe ya dozi inayofuata. Ratiba hutofautiana: Uganda, kwa mfano, hutoa R21 miezi 6, 7, 8 na 18, kwa hiyo familia inayohama kutoka Busia ya Kenya kwenda Busia ya Uganda iende na kijitabu na ipange upya na muuguzi wa huko.

Usiku wa kwanza na wa pili mguse mtoto mara kwa mara. Akipata homa, mvue nguo nzito, mnyonyeshe au mpe maji, na mpe dawa ya homa kwa kipimo alichokuelekeza muuguzi. Akipata degedege, mlaze kwa ubavu, usimtie chochote mdomoni, na umpeleke kituoni hata kama limeisha. Homa inayozidi siku mbili isihesabiwe kuwa ya sindano: apimwe malaria kwa kutobolewa kidole, maana chanjo haimzuii kuugua kila mara, na mtoto aliyechanjwa akichelewa kutibiwa kwa sababu nyumbani walisema ni sindano, hupoteza pale pale kile alichokuwa amekipata.

Halafu fungua kijitabu, tazama tarehe ya dozi ya nne, na uihifadhi kwenye simu yako ikiwa na mlio wa wiki moja kabla.